Dino Directory ya London: soma maana za majina, ruka mstari wa matamshi

Dino Directory ni orodha ya dinosaria iliyomo kwenye tovuti ya Natural History Museum, makumbusho ya viumbe na miamba yaliyoko London, Uingereza. Ni ya bure na haimtaki mtu ajisajili. Kila dinosaria ana ukurasa wake wenye jina, jinsi ya kulitamka, maana ya jina, kundi lake, urefu, chakula, kipindi alichoishi na nchi alikopatikana. Chini kabisa kuna jina la mtaalamu aliyemtaja kwa mara ya kwanza, pamoja na mwaka. Wamo dinosaria mamia kadhaa, na unaweza kuwatafuta kwa herufi, kwa nchi, kwa kipindi au kwa umbo la mwili.

Mzazi au mwalimu mwenye watoto wa miaka 6 hadi 11 wanaouliza kila dinosaria anaitwaje na kwa nini, atapata taabu kukuta chanzo kingine cha bure cha kuaminika kiasi hiki. Ila kwa nyumba inayosoma Kiswahili, kila ukurasa una mstari mmoja unaoharibu kuliko unavyosaidia, nao ni ule wa matamshi. Urukeni. Jina lenyewe la kisayansi, likisomwa kwa irabu zetu na kurekebishwa mahali pachache, hutoka vizuri zaidi.

Mstari huo umeandikwa kwa ajili ya mtu aliyejifunza kusoma kwa Kiingereza. Tyrannosaurus ameandikiwa "tie-RAN-oh-sore-us". Mtoto aliyezoea kwamba kila herufi ina sauti yake moja ataisoma kama anavyoiona: ti-e-ran-oh-so-re-us. Jina la silabi tano limekuwa na silabi saba, na sauti ya mwisho haifanani na ya Mwingereza wala ya Mgiriki. Mtu mzima anayejua Kiingereza hawezi kuiona hitilafu hii kwa sababu macho yake hutafsiri yenyewe. Ndiyo maana walimu wengi hunakili mistari hiyo ubaoni halafu wanashangaa darasa zima linasema "so-re".

Njia ya kutoka hapo ni kukumbuka majina haya yametoka wapi. Mengi yameundwa kwa vipande vya Kigiriki na Kilatini, na a, e, i, o, u za Kilatini ziko karibu sana na zetu. Mjerumani, Mwitalia na Mwingereza hulitamka jina moja kila mtu kwa lafudhi ya kwao, na hakuna wa kuwahukumu: kanuni za kimataifa za majina ya wanyama husimamia tahajia, hazisimamii matamshi. Kwa hiyo mtoto wa Tanga au Mombasa anayesema ti-ra-no-SAU-rus hajakosea. Akitazama video za Kiingereza atasikia "tai-ra-no-SO-ras", na inatosha kumwambia kwamba ni mnyama yule yule.

Mkazo nao unatupendelea. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na Kilatini hufanya hivyo hivyo kwa majina yote yanayoishia na -saurus. Ste-go-SAU-rus, ken-tro-SAU-rus, an-ki-lo-SAU-rus: yote yanakaa sawa. Yanayoishia na -raptor na -mimus pia hufuata mkondo huo, yaani o-vi-RAP-tor na ga-li-MI-mus. Yanayokataa ni yale ya -ceratops, -odon, -lophus, -nychus na -docus, ambayo mkazo wake hurudi nyuma silabi moja: tri-SE-ra-tops, i-GUA-no-don, pa-ra-sau-RO-lo-fus, dei-NO-ni-kus, di-PLO-do-kus. Hayo mwambie mtoto ayaimbe mara tatu nne akipiga kofi kwenye silabi ya mkazo, na hayatampotea.

Kuna mtego mmoja hapa ambao ni wetu wenyewe. Kiswahili hakipendi neno liishie na konsonanti, kwa hiyo ulimi huongeza i bila kuombwa na jina huwa "stegosaurusi". Mara tu i hiyo ikiingia, mkazo unahama kwenda kwenye ru, na jina zima linasikika geni. Mfundishe mtoto kufunga kwa s kavu, kama anavyofunga neno "maalum" kwa m. Vivyo hivyo mwanzoni: si "sitegosaurus", ni ste, kama kwenye stesheni.

Marekebisho mengine ni ya herufi, na hayazidi kurasa mbili za daftari. Ch katika majina haya husomwa k, kamwe si ch ya chai, kwa hiyo Brachiosaurus ni bra-ki-o-SAU-rus na Pachycephalosaurus ni pa-ki-se-fa-lo-SAU-rus. Hili ndilo kosa linalotokea zaidi kwa watoto wetu, kwa kuwa ch ni herufi wanayoijua vizuri. Ph ni f. Y ni i. C ikitangulia e, i, y, ae au oe husomwa s, na kwingine kote ni k. Ae husomwa i au e, chagua moja usibadilishe. P iliyo mwanzoni mbele ya s au t hunyamaza, hivyo Psittacosaurus ni si-ta-ko-SAU-rus. X mwanzoni mwa jina ni z, katikati au mwishoni ni ks.

Majina yaliyojengwa juu ya jina la mtu hufuata lugha ya mwenye jina. Janenschia ametokana na Werner Janensch, Mjerumani, kwa hiyo ni ya-NEN-shi-a. Majina ya Kichina yana utaratibu wake: q husikika karibu na ch na x karibu na sh. Yule dinosaria mdogo aliyepewa jina mwaka 2015, Yi qi, hutamkwa "i chi", na maana yake ni bawa la ajabu. Mtoto aliyechoshwa na majina marefu humpenda huyu papo hapo.

Sasa maana. Hapa ndipo Dino Directory inapostahili sifa. Mstari wa maana ni mfupi, wa maneno mawili matatu, na umekaa mahali pale pale kwenye kila ukurasa, kwa hiyo hata mtu mwenye Kiingereza cha kubahatisha anaweza kuuchukua na kuutia katika Kiswahili. Triceratops: uso wenye pembe tatu. Velociraptor: mnyang'anyi mwenye kasi. Tyrannosaurus: mjusi dhalimu, na rex ni mfalme. Sauros ni mjusi, na sisi tuna bahati kwamba magazeti na wabunge wa Tanzania wamezoea kumwita yule dinosaria wa Lindi aliyeko Ujerumani "mjusi", hivyo neno hilo halimshtui mtoto. Mwambie hata hivyo kwamba dinosaria hakuwa mjusi. Mjusi na kenge wametanua miguu pembeni. Miguu ya dinosaria ilisimama wima chini ya mwili kama ya ng'ombe. Jina Dinosauria lilitolewa na Richard Owen wa Uingereza mwaka 1842, likiwa na maana ya mijusi ya kutisha kwa ukubwa, na limebaki ingawa tumejua zaidi. Aliye ndugu halisi wa dinosaria hao ni kuku anayeparua uani.

Ufupi wa mstari wa maana una gharama yake, kwa sababu maana bila sababu haimkai mtoto kichwani. Diplodocus ni "boriti mbili". Boriti gani? Chini ya mkia wake kulikuwa na vifupa vyenye matawi mawili, moja likienda mbele na jingine nyuma, na Othniel Charles Marsh alipovitazama mwaka 1878 akampa jina kwa hivyo. Allosaurus ni "mjusi wa namna nyingine", jina lisilomwambia mtoto chochote mpaka aelezwe kwamba pingili za uti wake wa mgongo zilionekana tofauti na za dinosaria waliojulikana mwaka 1877. Iguanodon ni "jino la iguana", kwa kuwa meno ndiyo yaliyopatikana kwanza, na Gideon Mantell aliyafananisha na ya mjusi huyo wa Amerika alipomtaja mwaka 1825. Kabla ya kumsomea mtoto maana, mzazi atafute sababu. Dakika tano zinatosha, na bila hizo utakuwa unamkaririsha tu.

Baadhi ya maana zinamsingizia mnyama, na hizo zinahitaji uangalifu zaidi. Oviraptor maana yake ni mwizi wa mayai. Henry Fairfield Osborn alimpa jina hilo mwaka 1924 kwa sababu mifupa ilikutwa Mongolia juu ya kiota, na akadhani mayai yale ni ya dinosaria mwingine. Katika miaka ya 1990 lilifunguliwa yai la aina ile ile likaonekana kijusi cha jamaa yake Oviraptor ndani, na mifupa ya jamaa zake ikapatikana imekaa juu ya viota kama kuku anayeatamia. Alikuwa mzazi. Jina halibadilishwi, kwa sababu kanuni hulinda jina la kwanza hata likiwa na kosa. Mtoto akisomewa maana peke yake atamwita mwizi maisha yake yote. Akielezwa habari nzima anajifunza jinsi elimu inavyojirekebisha.

Stegosaurus anatuletea tatizo la Kiswahili. Maana ni mjusi wa paa, kwani Marsh alidhani zile bamba za mgongoni zililala bapa kama vigae. Ukisema "mjusi wa paa" tu, mtoto wa Pwani anaweza kumfikiria yule mnyama mdogo wa porini. Sema "mjusi wa mapaa ya nyumba" au "mjusi wa vigae". Brachiosaurus ni mjusi wa mkono, yaani miguu yake ya mbele ilikuwa mirefu kuliko ya nyuma. Asichanganywe na vipande vinavyoanza na brachy-, ambavyo maana yake ni -fupi. Herufi moja inageuza maana nzima, na vitabu vya watoto hukosea hapa mara kwa mara. Jozi nyingine ya kuchunga ni Giganotosaurus na "Gigantosaurus". Yule mnyama mkubwa wa Argentina aliyetajwa mwaka 1995 ana silabi no katikati, kutoka neno la Kigiriki la kusini: gi-ga-no-to-SAU-rus, mjusi mkubwa mno wa kusini. Midoli mingi ya plastiki na mabango ya ukutani huiacha silabi hiyo.

Ukiona mwisho wa jina ni -saura badala ya -saurus, jina limewekwa katika umbo la kike. Maiasaura, aliyetajwa mwaka 1979 huko Marekani, ni mjusi mama mwema, kwa ajili ya viota na makinda vilivyopatikana pamoja naye.

Kipengele cha kutafuta kwa nchi ndicho mzazi wa Afrika Mashariki aanzie. Chagua Tanzania na utakutana na majina ya Tendaguru, kilima cha mkoani Lindi ambako msafara wa Wajerumani ulichimba kati ya mwaka 1909 na 1913. Makumbusho haya haya ya London nayo yalichimba huko kuanzia mwaka 1924 hadi 1931, na katika msafara wa kwanza alikuwemo kijana Louis Leakey, mzaliwa wa Kenya aliyekuja kujulikana baadaye kwa visukuku, yaani mabaki yaliyogeuka mawe, vya binadamu wa kale. Dinosaria wa Tendaguru waliishi yapata miaka milioni 150 iliyopita, mwishoni mwa kipindi cha Jurasiki.

Kentrosaurus anafaa kuwa wa kwanza kwenye kadi za majina, ambazo nitaeleza mbele jinsi ya kuzitengeneza. Ken-tro-SAU-rus, mjusi wa miiba, kutoka neno la Kigiriki la ncha kali. Edwin Hennig alimtaja mwaka 1915. Ni jamaa wa Stegosaurus, lakini bamba zake za mbele hugeuka miiba kadiri unavyoelekea mkiani. Elaphrosaurus, e-la-fro-SAU-rus, ni mjusi mwepesi, na ukitazama mifupa ya miguu yake unaona kwa nini. Dicraeosaurus ni di-kre-o-SAU-rus, na tafsiri ya Kiswahili ni nzuri kuliko ya Kiingereza: mjusi wa panda. Miinuko ya pingili za shingo yake imegawanyika mara mbili juu, sawasawa na panda ya manati. Mtoto akiona mchoro wa pingili hiyo hahitaji maelezo mengine.

Kwa yule mkubwa kuliko wote, chunga jina. Janensch alimwita Brachiosaurus brancai mwaka 1914, na vitabu vingi bado vinaandika hivyo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha anatofautiana vya kutosha na Brachiosaurus wa Marekani, na sasa wataalamu wengi humwita Giraffatitan, yaani twiga jitu. Mifupa yake iliyosimamishwa Berlin ina kimo cha mita 13.27. Kwenye kadi andika Giraffatitan kwa herufi kubwa, na chini yake "zamani Brachiosaurus", ili mtoto asichanganyikiwe anapokuta jina la zamani kwingine.

Upungufu wa orodha hii kwetu ni kwamba majina mengi ya miaka ya karibuni hayamo. Dunia ina zaidi ya jenasi elfu moja za dinosaria zilizokwisha kutajwa (jenasi ndiyo sehemu ya kwanza ya jina la kisayansi, kama Stegosaurus), na orodha ya mamia haiwezi kuzishika zote. Kwa bahati mbaya yanayokosekana ni yale ambayo mtoto wetu angeyasoma bila msaada wa mtu yeyote, kwa sababu ni ya Kiswahili.

Shingopana songwensis alitajwa mwaka 2017 kutoka bonde la ufa la Rukwa, kusini magharibi mwa Tanzania. Ni shingo pana, na ndivyo shingo yake ilivyo. Mnyamawamtuka moyowamkia alifuata mwaka 2019, kutoka eneo hilo hilo: mnyama wa Mtuka, mto ulio karibu na machimbo, na moyo wa mkia, kwa kuwa pingili ya mkia wake ukiitazama kwa nyuma ina umbo la moyo. Hapa mgeni ndiye anayehitaji mwongozo wa matamshi. Rukwatitan bisepultus wa mwaka 2014 ni jitu la Rukwa lililozikwa mara mbili. Nyasasaurus, wa karibu na Ziwa Nyasa, alitajwa mwaka 2013, na kwa umri wa takriban miaka milioni 243 huenda ndiye dinosaria wa kale kuliko wote wanaojulikana, au ndugu yao wa karibu kabisa. Asilisaurus kongwe wa mwaka 2010 si dinosaria hasa, ni jamaa wa ukoo wao, lakini jina lake ni Kiswahili na Kigiriki vilivyounganishwa, na mtoto anaweza kulieleza mwenyewe.

Sehemu ya pili ya jina, ile inayoandikwa kwa herufi ndogo, ina utajiri wake. Dino Directory huitaja chini ya ukurasa kama spishi ya kwanza, na watoto huipita. Msiipite. Mwisho wa -ensis maana yake ni wa mahali fulani: songwensis, wa Songwe, tanzaniensis, wa Tanzania, kama kwa Tendaguria tanzaniensis wa mwaka 2000. Mwisho wa -i au -ii huheshimu mwanamume, na wa -ae mwanamke. Australodocus bohetii, aliyetajwa mwaka 2007, anamheshimu Boheti bin Amrani, fundi mkuu wa kutayarisha visukuku kule Tendaguru. Wamweracaudia keranjei wa mwaka 2019 ni mkia wa Wamwera, na keranjei ni kwa ajili ya Mohammadi Keranje, aliyechimba mifupa hiyo. Kwa zaidi ya miaka tisini majina ya Tendaguru yaliwaheshimu Wajerumani karibu peke yao. Mtoto wa Lindi ana haki ya kujua kwamba majina ya watu wa kwao sasa yamo kwenye vitabu vya sayansi, na afundishwe hayo kabla ya Tyrannosaurus.

Kuhusu namna ya kuitumia: usimpe mtoto simu aperuzi mwenyewe. Orodha ni ya Kiingereza tupu, na baada ya kurasa chache atakuwa anatazama picha tu. Fungua wewe kurasa kumi kwa mara moja, nakili kwenye daftari, kisha zima data. Kazi iliyobaki haihitaji bando. Kata karatasi ngumu ya manila vipande vya ukubwa wa kiganja. Mbele andika jina la kisayansi kama lilivyo, bila kubadili herufi hata moja, kwa kalamu nene, na upigie mstari chini yake, kwa kuwa kwenye chapa majina haya huwekwa mlazo na kwa mkono mstari hushika nafasi hiyo. Jenasi huanza kwa herufi kubwa, spishi kwa ndogo, hata ikiwa imetokana na jina la mtu. Nyuma andika mambo manne: silabi kwa Kiswahili na ile ya mkazo kwa herufi kubwa, maana, sababu ya jina, na nchi. Urefu unaweza kuongezwa, ila upimwe kwa kamba uwanjani. Namba peke yake haina uzito kwa mtoto wa miaka saba.

Kadi kumi zinatosha kwa wiki. Zikizidi, majina ya -saurus huanza kuungana kichwani na mtoto huchukua mwanzo wa moja na mwisho wa jingine. Njia ya kuzuia hilo ni kutochanganya kumi zinazofanana: weka nne za -saurus, moja ya -raptor, moja ya -ceratops, moja ya -mimus, mbili za Kiswahili na moja fupi kama Yi qi. Baada ya kadi kama thelathini, anza kukata majina vipande. Tri ni tatu, cerat ni pembe, ops ni uso, pachy ni nene, cephalo ni kichwa, odon ni jino, nych ni ukucha, pter ni bawa, mimus ni mwigaji. Mtoto mwenye vipande ishirini hivi hufungua ukurasa asioujua na kuikisia maana kabla ya kuisoma, na hapo ule mstari wa maana unakuwa jibu la kusahihishia. Ni matumizi bora kabisa ya orodha hii.

Kwa watoto walio chini ya miaka mitano Dino Directory haifai. Wao wanahitaji picha kubwa na majina matatu manne ya kusema kwa sauti. Kwa walio juu ya kumi na mbili itaanza kuwa fupi. Hao wapelekwe moja kwa moja kwenye makala za kisayansi zinazomtangaza dinosaria mpya, ambazo kwa kawaida huwa na aya ndogo inayoeleza asili ya jina. Ile ya Mnyamawamtuka ilichapishwa kwenye jarida la PLOS ONE, linalosomwa bila malipo, na kijana wa sekondari mwenye kamusi ataimaliza aya hiyo peke yake.